Kariakoo Ina Saa Zake

Kama uko kwenye foleni ya Barabara ya Uhuru, kama ndiyo kwanza unavuta mlango wa duka, kama uko jikoni na redio umeiegesha juu ya kabati, karibu tukae pamoja dakika hizi chache.

Leo nataka tuzungumze habari za Kariakoo. Si bei za Kariakoo. Hizo unazijua kunizidi. Nataka tuzungumze habari ya kuulizana. Mahali ambapo maelfu ya watu wanapatia riziki panapotaka kupangwa upya, kubomolewa hapa na kujengwa pale, nani anaulizwa? Na anaulizwa lini, kabla mchoro haujachorwa au baada?

Naomba uniruhusu nianze na kitu kidogo sana. Kibaraza. Kibaraza kimoja tu cha duka moja, hatua nne kwa mbili. Tukiweke Mtaa wa Mkunguni kwa mfano, ingawa kingeweza kuwa Sikukuu, Narung'ombe au Mchikichi.

Saa 11 alfajiri, taa za barabarani bado zinawaka, kwenye kibaraza hicho yupo mama. Ana jiko la mkaa, birika la chai na beseni la maandazi. Wateja wake ni vijana wanaoshusha mizigo, na madereva waliosafiri usiku kucha na viazi na vitunguu. Saa 2 asubuhi mama anazima jiko, anafagia kibaraza, anamwaga maji kidogo kutuliza vumbi, anaondoka. Mwenye fremu anafika, anafungua, anatundika vitenge. Kibaraza sasa ni chake. Hamtozi yule mama hata senti; kufagia ndiyo malipo. Saa 6 mchana, pembeni ya kibaraza hichohicho, vijana wawili wameegemea mkokoteni. Wanangoja mzigo. Mteja wa vitenge kutoka Morogoro akimaliza kununua marobota yake, haulizi nani atambebea: wapo hapohapo, na mwenye duka anawafahamu kwa majina. Saa 11 jioni kijana mwingine anatandika turubai na viatu vyake, anawahi watu wanaotoka kazini. Na usiku, duka likishafungwa, mlinzi anaweka stuli yake hapohapo mpaka mama wa maandazi arudi.

Umewahesabu, msikilizaji? Mama, mwenye fremu, wabeba mizigo wawili, machinga wa viatu, mlinzi. Nyumba sita zinakula kutokana na hatua nne za saruji. Na ukienda kwenye daftari la ardhi, kiwanja kile kina jina moja tu, la mtu ambaye pengine haishi Kariakoo kabisa na anapaona siku ya kuchukua kodi ya pango.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame leo. Kariakoo ina saa zake. Ramani haina saa. Mpimaji akifika saa 4 asubuhi na karatasi yake ataona duka la vitenge, na ataandika duka la vitenge. Hakukosea, ameandika alichokiona. Lakini ameandika mtu mmoja kati ya sita. Na kama mkutano wa kukusanya maoni utaitwa kwa kufuata alichoandika, wale watano hawatapata hata barua.

Sasa tuvute kumbukumbu nyuma kidogo, kwa sababu jina lenyewe la mahali hapa lina jambo la kutuambia.

Kariakoo ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, eneo hili walilifanya kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu hiyohiyo. Wapagazi hao walibeba risasi na unga kufuata majeshi mpaka kusini, na walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ukipita Mtaa wa Mahiwa, ukipita Narung'ombe, ukipita Tandamti, unakanyaga majina ya mapigano ya mwaka 1917 huko kusini. Mtaa wetu mkubwa wa biashara umepewa jina la wabeba mizigo. Nikiona mpango wa kuujenga upya hauna hata mstari mmoja juu ya mbeba mizigo, mahali pa kuegesha mkokoteni, mahali pa kupumzika, bomba la maji ya kunywa, moyo wangu unauma.

Na hao wapagazi hawakuulizwa. Wala walioishi hapa baadaye hawakuulizwa. Wakoloni waligawa mji: huku Uzunguni, huku Uhindini, huku kwa Waafrika. Waingereza wakaiacha Mnazi Mmoja uwanja mtupu, utenganishe Kariakoo na mji wa upande wa pili. Ndivyo mji ulivyopangwa wakati ule. Mtu anachora, mwingine anahamishwa.

Tulipopata uhuru wetu tulijenga kwa namna nyingine. Lile soko kubwa lililofunguliwa mwaka 1975 lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli. Unalikumbuka paa lake? Ile miavuli ya zege iliyopinduliwa, inayokinga maji ya mvua na kuyapeleka chini. Na shimoni, ghala la jumla, palipokuwa na ubaridi hata mwezi wa Januari. Kwangu mimi lile ni jengo lililofikiria jua letu na mvua yetu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko lile liliungua. Nadhani kila mtu wa Dar es Salaam anakumbuka alikuwa wapi alipopata habari.

Baada ya moto wafanyabiashara walitawanyika, wengine wakapelekwa Kisutu, wengine kwingine. Kisha Oktoba mwaka huohuo wamachinga wakaondolewa kandokando ya barabara mji mzima. Halafu tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa likaporomoka hapo Kariakoo na watu zaidi ya 25 wakapoteza maisha. Tunawaombea wote. Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo, na kwa mara nyingine mji mzima ukawa unasema neno lilelile: Kariakoo ipangwe upya.

Nami nasema ipangwe upya. Nisieleweke vibaya. Ghorofa zimebanana ukuta kwa ukuta, gari la zimamoto halina pa kupita, mitaro imeziba, nyaya zinaning'inia kama nguo za kuanika. Anayesema Kariakoo iachwe ilivyo, huyo haitakii mema. Swali langu ni jinsi gani, na kwa kumuuliza nani.

Kwa anayejiunga nasi sasa hivi: tunazungumza juu ya kuwauliza watu kabla mahali pao pa biashara hapajapangwa upya. Tumesema Kariakoo ina saa zake, na kibaraza kimoja kinaweza kulisha nyumba sita.

Sheria yetu, kwa maandishi, haina ubaya. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka inayopanga eneo iwashirikishe wadau, na rasimu iwekwe hadharani watu waione na watoe maoni yao. Neno wadau. Neno zuri. Lakini mdau ni nani? Ukimsikiliza anayeandaa mkutano, mdau ni mwenye kiwanja, mwenyekiti wa chama, benki, shirika la maji, shirika la umeme. Wote hao wana haki ya kuwepo. Ila mama wa maandazi hana barua yenye nembo, na ukimuuliza kama yeye ni mdau atakuambia hapana, mie nauza chai.

Nitakusimulia mkutano mmoja niliohudhuria miaka kadhaa iliyopita. Si wa Kariakoo, na mtaa wenyewe sitautaja. Uliitwa mkutano wa kukusanya maoni kuhusu eneo la biashara litakalojengwa upya. Uliitwa siku ya Jumanne, saa 4 asubuhi, ukumbini. Jumanne saa 4 asubuhi! Mfanyabiashara gani ataacha meza yake saa hiyo? Tulioweza kufika tulikuwa wachache: wastaafu, viongozi wa mtaa, na kina mama wawili watatu waliowaachia watoto biashara.

Mbele yetu ikawekwa picha. Imepakwa rangi, imepambwa. Miti imepangwa mstari, watu weupe kama karatasi wanatembea na mifuko, hakuna jua kali, hakuna matope. Mtaalamu akazungumza muda mrefu, kwa lugha ambayo nusu yake sikuielewa, nami nafanya kazi ya lugha. Kisha akasema: karibuni maswali.

Mama mmoja mtu mzima akasimama. Alikuwa na kanga begani na sauti ya taratibu. Akasema: "Mwanangu, ahsante, picha nzuri. Nilikuwa nataka kujua, hapo kwenye picha, maji ya kuoshea vyombo tutayachota wapi? Na tukishaosha, tutayamwaga wapi?"

Ukumbi ukanyamaza. Yule kijana akatazama picha yake, akaitazama tena. Akasema: "Mama, hilo tutalizingatia."

Msikilizaji, swali lile lilikuwa na uhandisi zaidi kuliko hotuba yote tuliyoisikia asubuhi ile. Mama lishe ishirini, sufuria mbili mbili, sahani mia mia kwa siku: maji yale machafu yasipopewa njia yatatafuta njia, na njia yake ni mtaro wa mvua. Mtaro ukiziba, mwezi wa Aprili duka linajaa maji. Mama yule alikuwa anatabiri gharama ya ukarabati. Na akaambiwa litazingatiwa. Sikusikia tena habari yake. Hakuna aliyerudi kumwambia limezingatiwa au halikuzingatiwa. Ilinikera siku ile na inanikera mpaka leo, kwa sababu mama yule alifanya kazi yake ya uraia kikamilifu, akaacha sufuria motoni kuja kutoa maarifa yake bure, na maarifa yale yakapotea hewani.

Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mchoraji wa mipango hajalala kitanda hiki. Hilo si kosa lake. Kosa ni kutomuuliza aliyekilalia.

Sasa pengine unasema, wewe mtangazaji unalaumu tu. Kuna mahali jambo hili limefanyika vizuri? Papo. Naomba twende mbali kidogo, mpaka Durban, Afrika Kusini, halafu turudi nyumbani.

Durban wana mahali panaitwa Warwick Junction. Ukifika hapo utadhani umefika Kariakoo. Kuna stesheni ya treni, vituo vya mabasi na teksi za abiria, barabara za juu zinapishana, na chini yake masoko, moja linaingia ndani ya jingine. Wakati wa ubaguzi wa rangi huo ndio ulikuwa mlango wa Waafrika kuingia mjini, na mtu mweusi kuuza kitu barabarani ilikuwa ni kukimbizana na polisi. Ubaguzi ulipoanguka, wauzaji wakafurika. Jiji likawa na njia mbili: liwafukuze, au likae nao.

Katikati ya miaka ya 1990 jiji likaamua kukaa nao. Na sikiliza walivyofanya. Watumishi wa jiji, wa usafi, wa afya, wa michoro, wa leseni, walifanya kazi pamoja, na ofisi ikawekwa hukohuko Warwick, si makao makuu. Wakawa wanatembea na wauzaji, kundi kwa kundi. Wauza dawa za mitishamba peke yao. Wachemsha mahindi peke yao. Wapika vichwa vya ng'ombe peke yao. Kwa nini peke yao? Kwa sababu mahitaji yao hayafanani. Anayechemsha vichwa vya ng'ombe anahitaji moto na maji na njia ya kupitisha mafuta. Anayeuza mizizi anahitaji kivuli na mahali pa kukausha na stoo ya usiku, kwa kuwa ametoka mbali kijijini na mizigo yake.

Hao wauza mitishamba walikuwa wanakaa kandokando ya njia, juani na mvuani, wengine wanalala hapohapo. Juu yao palikuwa na barabara ya juu iliyoachwa miaka mingi bila kumaliziwa, inakatikia hewani. Basi soko lao likajengwa juu ya barabara ile. Zege lililokuwa halina kazi likawa soko la dawa za asili, na mpaka leo watu wanatoka nchi nyingine kwenda kulitazama. Wauzaji wenyewe walianzisha kikundi cha kupambana na uhalifu hapo sokoni, kwa sababu mahali pamekuwa pao.

Lakini ngoja, hadithi ya Durban ina nusu ya pili, na hiyo nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niilete hapa jioni hii. Mji uleule, mahali palepale, mwaka 2009, Kombe la Dunia la 2010 likikaribia, jiji likatangaza mpango wa kujenga jengo kubwa la maduka ya kisasa mahali lilipo Soko la Alfajiri la Warwick. Soko hilo lipo tangu mwaka 1910. Walilianzisha wakulima wa mboga wa asili ya Kihindi, na baadaye familia za Kihindi na za Kiafrika zikawa zinauza humo meza kwa meza. Safari hii hapakuwa na kukaa chini. Mpango ulitangazwa ukiwa umekwisha iva. Kilichofuata? Maandamano, polisi, wanasheria, mahakama. Miaka ikapita. Kombe la Dunia likaja likaondoka. Jengo halikujengwa, mpango ukaachwa, na soko la alfajiri bado lipo, linafungua alfajiri.

Umeona, msikilizaji? Walipouliza, walijenga soko juu ya barabara iliyokufa. Walipoacha kuuliza, hawakujenga kitu. Baadhi ya waliofanya kazi katika ule mradi wa kwanza walianzisha asasi yao mwaka 2008, wakaiita Asiye eTafuleni. Kwa Kizulu maana yake ni twendeni mezani. Nililipenda jina hilo nilipolisikia, maana hata sisi tunasema tukae mezani tuzungumze.

Haya, turudi nyumbani.

Sisi nasi tuna somo letu, tena halihitaji pasipoti. Pale Ilala kuna jengo la Machinga Complex. Nia ilikuwa njema: wamachinga watoke juani, wapate paa, vyoo, vizimba vyao. Likajengwa ghorofa. Na kwa miaka mingi vizimba vingi vikakaa vitupu. Kwa nini? Mtu yeyote aliyewahi kuuza soksi mkononi angekujibu kabla tofali la kwanza halijawekwa. Machinga hauzi mahali, anauza njiani. Anamuuzia mtu aliyekuwa anakwenda kwingine. Hakuna mtu atakayepanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu kutafuta soksi za jozi moja. Biashara ya machinga ni miguu ya wapita njia, na miguu haikuhamishiwa Ilala pamoja naye.

Swali lile lingeulizwa mapema, jengo lingekuwa na umbo jingine. Pengine lingekuwa refu na jembamba, chini chini, likifuata njia ya watu kutoka kituo cha basi. Sijui, mimi si mhandisi. Lakini muuza soksi angejua.

Na tusidhani watu wa Kariakoo hawana la kusema. Mei 2023 walifunga maduka. Tarehe 17 Mei Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja, uwanjani, na wafanyabiashara wakapokezana kipaza sauti mbele ya nchi nzima. Walizungumza juu ya kodi, juu ya ukaguzi wa mizigo na usajili wa stoo, na walizungumza kwa ufasaha, kwa mifano, kwa hesabu. Mnazi Mmoja, uwanja ule ulioachwa wazi na wakoloni ututenganishe, ndipo watu walipokusanyika kusikilizwa. Mimi niliona fahari. Lakini niliumia pia, kwa sababu ilibidi kwanza makufuli yafungwe. Na Juni 2024 yakafungwa tena. Kuuliza kunakokuja baada ya mgomo kunawagharimu wote: mwenye duka, mteja aliyetoka Lubumbashi na anailipia gesti kila usiku, na yule kijana wa mkokoteni ambaye siku asipobeba hali.

Kwa hiyo ningependa ionekane namna gani? Nitasema, nawe utanirekebisha.

Ningependa kwanza maulizo yafuate saa za mahali. Kama unataka kumsikia mama wa maandazi, nenda saa 11 alfajiri, kunywa chai yake, uliza. Wenye fremu wape Jumapili, wakati wengi wao wamepumzika. Walinzi na wapakiaji wa malori ya Zambia na Malawi, hao ni watu wa usiku, nenda usiku. Usimwite mtu ukumbini, mfuate alipo. Ukumbi wenyewe tunao, Arnautoglo ipo hapo Mnazi Mmoja tangu enzi za wazee wetu, lakini ukumbi uwe wa mwisho.

Na mchoro uje kwa penseli. Nalirudia hili, maana ndilo lenye uzito: mchoro uje kwa penseli. Picha ikishapakwa rangi, mtu anaona haya kuiharibu. Anasema nzuri, anakaa chini. Bali ukimpa mzee wa mtaa karatasi yenye mistari michache ya penseli na ukamwambia baba, hapa lori linageuzaje, atakunyang'anya penseli hiyo. Nimeona ikitokea. Mzee mmoja alichora mwenyewe jinsi lori la tani kumi linavyoingia kwa kinyumenyume kwenye uchochoro, na akaonyesha nguzo ya umeme inayolizuia. Nguzo hiyo haikuwa kwenye ramani yoyote ile.

Kisha wapewe majibu. Hapa ndipo tunapoanguka zaidi kuliko kote. Maoni tunakusanya, Mungu ni shahidi, madaftari yamejaa. Lakini nani anarudi? Natamani kuona ubao, ubao wa mbao tu, umepigiliwa ukutani pale Msimbazi, umeandikwa kwa Kiswahili: mlisema hivi, hili tumelifanya, hili hatukulifanya kwa sababu hii. Mtu anaweza kukataliwa ombi lake na bado akarudi mkutano ujao, kama ameambiwa sababu. Asiyeambiwa kitu harudi, na hatakuja hata ukimpa soda na nauli.

Najua kuna anayesikiliza na kusema, hayo yatachelewesha maendeleo. Ndugu yangu, nakuelewa. Nami nachoka na vikao. Lakini jumlisha miezi ya kuuliza, halafu jumlisha miaka ambayo jengo linakaa tupu. Jumlisha siku za migomo, kesi za mahakamani, ukuta unaojengwa na kubomolewa. Ipi ndefu?

Na wapo wanaosema, ukiwauliza wote hawatakubaliana. Kweli kabisa! Mwenye fremu anayelipa pango na kilemba na kodi ya serikali anaona machinga anauza kitu kilekile mlangoni kwake bila kulipa hata kimoja. Ana hasira, na hasira yake ina haki. Machinga naye anasema, mimi ndiye ninayemwita mteja mpaka kwenye mtaa wenu. Naye hasemi uongo. Kuuliza hakutaondoa mgogoro huo. Wataalamu na madiwani bado watalazimika kuamua, na mtu mmoja ataondoka hajaridhika. Lakini ataondoka akijua amesikilizwa na nani, na aliyeamua atakuwa ameamua akiwa ameona nyumba sita, si moja.

Tena tusiwaachie wakubwa peke yao. Wewe unayeuza hapo, una mwenyekiti wa mtaa, una diwani. Mkutano wa mtaa ni wako. Uliza: je, kuna rasimu ya mpango wa eneo letu? Imewekwa wapi? Naweza kuiona? Hayo si maswali ya ubishi. Na ukiipata, usiitazame peke yako. Mwite mama wa alfajiri, mwite na mlinzi, muitazame pamoja, kila mtu atafute saa yake humo ndani. Kama saa yake haimo, andikeni, pelekeni, mdai mhuri wa kupokelewa.

Muda wetu unakwisha, msikilizaji. Saa yangu hapa studio inasema ni saa 1 kasoro dakika tano. Mtaa wa Mkunguni sasa hivi taa zinawashwa, kijana wa viatu anapunguza bei aondoke na chochote, marobota ya mwisho yanafungwa kamba. Mwenye fremu anahesabu mauzo. Mlinzi ameshapanda daladala anakuja, stuli yake imeegemezwa nyuma ya mlango. Na kule Manzese au Buguruni au Mbagala, yule mama anakanda unga wa kesho, maana saa 9 usiku anaamka.

Kama unapita Kariakoo kesho alfajiri, kunywa chai yake. Muulize angependa bomba liwekwe wapi. Kisha tuandikie, au utupigie simu, utuambie alivyojibu. Wiki ijayo saa kama hii nitayasoma majibu hayo hapahapa hewani. Usiku mwema.